Mama anasema baba alirogwa, mimi najua kilichomuua

Shangazi, shikamoo.

Naandika usiku, mume wangu na watoto wamelala. Nina miaka 34, naishi Mbagala, nauza madera na vitenge Kariakoo. Jina langu naomba ulifiche kwa sababu mdogo wangu wa kike anasoma safu hii, na barua yenyewe inamgusa.

Baba yetu alifariki Februari mwaka jana, 2021. Unakumbuka hali ilivyokuwa. Ukifungua WhatsApp ni misiba tu: huyu changamoto ya upumuaji, yule nimonia, mwingine presha. Malimao na tangawizi vilipanda bei mpaka sisi wa Kariakoo wenyewe tukashangaa. Takwimu hazikuwepo, tangu wale wagonjwa 509 wa mwaka 2020 hatukutangaziwa idadi nyingine. Ukivaa barakoa mtaani watu wanakutazama kama ugonjwa umeuleta wewe.

Baba alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Alianza na homa, tukasema malaria. Akapigishwa nyungu. Ikafika siku anaongea neno moja, anapumzika, anaongea lingine. Nikamkimbiza hospitali, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa nikabaki naye. Usiku ule kila baada ya muda alikuwa ananiambia, "Fungua dirisha." Dirisha lilikuwa wazi. Nikamwambia liko wazi, baba. Ananyamaza, halafu anarudia. Alfajiri akafariki.

Kabla ya hapo daktari alinivuta pembeni kwenye korido. Akasema, "Dada, kipimo hapa hatuna, lakini kwa ninavyoona hii ni korona. Jikinge, na nyumbani wajikinge." Kwenye cheti ikaandikwa nimonia. Nilipofika nyumbani turubai limeshafungwa, wanawake wamejaa mkekani, mama analia. Sikusema. Nikasema nitasema baada ya siku tatu, zikapita. Nikasema baada ya arobaini, nayo ikapita.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wiki moja kabla baba hajaumwa, mimi nilikuwa na mafua, na sikuwa nasikia harufu ya kitu chochote, hata dagaa wakikaangwa pembeni yangu. Nilijifukiza, nikapata nafuu, nikaenda kwa wazazi kupeleka sukari na unga kama kawaida yangu. Tukala sinia moja.

Mama yeye ana maelezo yake. Anaamini baba amerogwa na baba mdogo kwa ajili ya kiwanja cha Chanika walichokuwa wanagombea. Siku zilezile baba mdogo alikuja, wakakaa barazani na kahawa mpaka magharibi, na baada ya siku chache baba akalala kitandani. Nakumbuka baba mdogo alikuwa anakohoa, mama mwenyewe alimchemshia tangawizi. Mama naye alikuja kukohoa sana baada ya mazishi, akapona. Lakini kwake hayo yote hayana maana, yeye anaona kikombe cha kahawa tu.

Sasa mdogo wangu ameposwa. Ndoa ni mfungo mosi, baada ya Idi. Babu hayupo, kaka yetu pekee bado mtoto wa miaka kumi, kwa hiyo walii ni baba mdogo. Mama amekataa katakata. Anasema baba mdogo hawezi kumuua baba kisha aje kumuozesha binti yake. Maneno hayo ameshayasema mbele ya majirani. Baba mdogo amenyamaza, haji, hapigi simu. Mdogo wangu analia kila siku, na mimi ninayejua ukweli nimekaa kimya.

Shangazi, mimi pia siko sawa. Mtu akikohoa kwenye daladala moyo unaanza kunidunda, mikono inakufa ganzi, nakosa hewa, nashuka kituo chochote kile. Nimeshatembea kwa miguu kutoka Mtoni mpaka nyumbani. Nimepimwa moyo, wanasema mzima. Nikaambiwa labda vidonda vya tumbo, nimemeza dawa, wapi. Mikono imechanika kwa kunawa, kuna wakati naweka jiki kwenye maji. Nimenunua kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Usiku najifunika shuka nisimwamshe mume wangu, nakibana, naona 98. Nazima, nalala chali, baada ya muda kidogo nakiwasha tena. 98. Mwingine wa watoto akipiga chafya nampima na yeye akiwa usingizini.

Mume wangu ni mtu mwema ila amechoka. Anasema nimeingiliwa na mashetani, kuna mtaalamu huko Mkuranga anataka tumwone. Dukani siku nyingine sifungui kabisa na mchango wa vikoba umenishinda. Kuna usiku natamani nilale tu nisiamke, nipumzike. Halafu hapo mbele kuna harusi, watu mia tatu ukumbini, feni juu, vigelegele, na mimi ndiye dada wa bibi harusi.

Nimwambie mama? Nikisema, baba mdogo anasafishika. Lakini mama ataniuliza mwaka mzima nilikuwa wapi. Nisaidie.

Mwenye Madera, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Pole ya baba, na pole ya mwaka huu wote uliofuata.

Nianze na sentensi uliyoipitisha haraka, kwamba kuna usiku unatamani ulale usiamke. Wapo wanaosema hivyo wakimaanisha wamechoka, na wapo wanaomaanisha zaidi ya hapo. Sina uso wako mbele yangu, kwa hiyo nakuuliza waziwazi kama ningekuuliza tungekaa jamvi moja: umewahi kufikiria namna ya kujitoa uhai? Kama jibu ni ndiyo, au kama wazo hilo limeanza kukujia mara kwa mara, barua yangu iweke kando. Mwamshe mume wako umwambie kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, kisha nendeni hospitali bila kungoja lipite lenyewe. Kwako karibu ni hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Jina la idara lisikutishe. Wanaokwenda pale wengi ni watu kama wewe, wana biashara zao na watoto wao, ila usingizi umewakimbia.

Kama si hivyo, kama ni uchovu, bado mwambie mume wako. Mwenye mashetani anapelekwa Mkuranga. Mwenye mawazo ya kutoamka anahitaji mumewe ajue.

Sasa turudi kwenye barua. Unaniuliza kuhusu mama, na nimeelewa kwa nini, maana harusi ina tarehe na kadi zitachapishwa. Lakini nusu ya barua yako inazungumzia mwili wako, na huo nao umekuwa ukiomba msaada tangu mwaka jana bila kupewa tarehe. Naomba tuanze nao, kwa sababu mtu asiyelala, anayeshuka kwenye daladala Mtoni, ni vigumu kumkalisha mama yake na kuzungumza naye jambo zito kiasi hiki.

Kinachokupata ndani ya daladala kinaeleweka. Mwili ukidhani kuna hatari humwaga homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, unaanza kuhema harakaharaka, na ukihema hivyo kwa dakika chache unatoa nje hewa ya kaboni kuliko inavyotakiwa. Hapo ndipo vidole vinakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Wewe uliyemwona baba akikosa pumzi utasema nini? Utasema ndiyo huu umenifika. Hofu inaongezeka, na moyo nao unaongeza mbio. Kwa watu wengi hali hiyo hupanda ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Tatizo ni kwamba wewe unashuka kwenye gari kabla haijashuka, kwa hiyo mwili unajifunza kuwa umepona kwa sababu umekimbia. Kesho utataka kukimbia mapema zaidi.

Ikikukuta tena, ukiweza, kaa. Shika kitu, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, hesabu ukitaka, kaa mpaka kituo kimoja mbele. Kimoja tu. Siku nyingine viwili. Na kama hukuweza ukashuka, umeshuka, hakuna aliyekufa, kesho kuna daladala nyingine.

Kile kifaa cha kidoleni kimenikaa kichwani, mwanangu. Umesoma 98. Ni namba nzuri, hakuna daktari atakayekulaza kwa 98. Lakini baada ya muda kidogo umekiwasha tena. Jibu ulilipata, halikukutosha, na mimi nadhani ni kwa sababu swali lako halihusu oksijeni yako. Kidole ni chako, mgonjwa unayemchungulia chini ya shuka ni baba, anayesema fungua dirisha. Usiku ule hukuwa na la kumfanyia, dirisha lilikuwa wazi tayari. Tangu hapo umekuwa ukipima, ukinawa, ukichungulia watoto, kana kwamba mkono ukipata kazi ya kutosha usiku ule utabadilika. Naweza kuwa nimekosea. Ila ukisoma hapa ukajikuta unalia, basi hicho ndicho kilio ambacho hukupata nafasi nacho, maana wenzako walipokuwa mkekani wewe ulikuwa unafuatilia cheti na sanda.

Si wewe peke yako. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Machi 2022 Shirika la Afya Duniani limesema kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hili, hofu iliyopitiliza na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na wanawake na vijana ndio walioumia zaidi. Robo nzima. Kwetu hapa nadhani kulikuwa na uzito wa ziada. Wenzetu wa nchi nyingine walifungiwa ndani, wakahesabiwa wagonjwa wao kila jioni, wakachoka na hizo hesabu. Sisi tulitoka kila siku, tukabanana sokoni, tukazika, na ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Februari ile ilikuwa habari kubwa chama cha ACT-Wazalendo kilipokuwa kimeshasema hadharani kwamba Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, anaumwa korona, maana hakuna aliyezoea kusikia ikisemwa hivyo kwa mtu mkubwa. Miezi mitano baadaye, Julai, Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, na ghafla tukaruhusiwa kuwa na hofu tuliyokwisha kuwa nayo. Wewe ulikuwa umeshaibeba muda wote huo. Daktari mwenyewe alikuambia koridoni, kwa sauti ya chini. Ndiyo maana nikisoma kwamba ulikaa kimya mbele ya mama sishangai. Ulinyamaza kama wengine walivyonyamaza.

Jiki iache, tafadhali. Sabuni na maji yanatosha kabisa, na ngozi iliyochanika inapitisha vijidudu kuliko ngozi nzima.

Kuhusu Mkuranga. Kisomo sikikatai. Kama kuna sheikh unayemwamini, akakusomea ukalala, alhamdulillahi. Ninachokiogopa ni mtaalamu anayeuliza, "Unamshuku nani?" Mnakwenda kutafuta usingizi wako, mnarudi na jina, na jina lenyewe nyote mnalijua tayari. Mwambie mume wako hivyo hivyo. Na umwombe akusindikize hospitali kwanza, akae na wewe kwa mshauri, asikie mwenyewe. Matibabu yapo ya mazungumzo, na kuna dawa kama daktari ataona zinafaa. Vile vya kujinunulia dukani ili upate usingizi, kama unavinunua, waambie usifiche.

Sasa mama.

Kichwa cha barua yangu nimekichukua kwako: umeandika kwamba wewe ndiye unayejua ukweli. Hebu tuuangalie huo ukweli polepole. Daktari alikuambia hana kipimo, ila kwa anavyoona ni korona. Kwa mwezi ule, kwa dalili zile, kwa mtu mwenye kisukari, mimi pia ningesema hivyohivyo. Lakini kipimo hakikufanyika na hakitafanyika tena. Unachokijua kwa hakika ni kwamba baba aliumwa mapafu, na kwamba cheti kinasema nimonia. Hilo peke yake linatosha kuondoa kikombe cha kahawa. Huhitaji siri yako ili kusema baba alikufa kwa maradhi, imeandikwa na kupigwa mhuri, karatasi iko kabatini kwa mama.

Kuna jambo nimeligundua nikisoma barua yako kwa mara nyingine. Unasema ukisema korona, baba mdogo anasafishika. Kweli? Siku ile alikuwa anakohoa. Ukisema korona, swali linalofuata kwenye ule mkeka ni nani aliyeileta, na mtu wa kwanza kutazamwa ni yeyeyule. Atatoka kwenye uchawi aingie kwenye kikohozi. Na wewe unalijua hilo, kwa sababu wewe una mafua yako, na sinia moja. Nadhani siri inayokubana koo ni hiyo ya pili. Ya daktari imekaa mbele kuizuia.

Kwa hiyo tuzungumze hiyo. Kirusi hiki kikimwingia mtu huchukua kuanzia siku mbili mpaka 14 kabla hajaumwa, na mtu anaweza kukisambaza hata kabla ya kukohoa. Mhesabie baba yako siku 14 za nyuma. Alikwenda msikitini mara ngapi? Alikaa kwenye bao na wazee gani? Nani alimnyoa, nani alimuuzia vocha, nani alikuja kumsalimia akiwa ametoka kuzika? Mama alilala naye chumba kimoja, na mama naye alikohoa. Wewe ulikuwa na mafua, ndiyo, na kutosikia harufu ni dalili inayojulikana, sitakudanganya kwamba haiwezekani. Inawezekana. Inawezekana vilevile kwa watu ishirini wengine, na hakuna maabara hapa duniani leo inayoweza kukutenga wewe na hao. Ulikwenda kupeleka sukari na unga kwa wazazi wako mwezi ambao hakuna aliyekuambia ukae nyumbani. Kama jirani yako angekusimulia habari hii ni yake, ungemwita muuaji?

Halafu fikiria wenzako. Baba mdogo haji, hapigi simu. Mama anaona huo ni ushahidi wa hatia ya uchawi. Inaweza kuwa ni mtu aliyezika kaka yake, ambaye akikumbuka kile kikohozi chake barazani naye anageukageuka kitandani kama wewe. Na mama, aliyemuuguza, akampigisha nyungu, akasema ni malaria, je, una hakika gani kwamba hajiulizi kama angempeleka hospitali siku mbili mapema? Mtu akimpata wa kumlaumu, analala. Simtetei kwa maneno yake, maneno yake ni ya hatari, na nitayafikia. Nakuomba tu usimwone kama hakimu anayekusubiri. Inawezekana ndani ya familia moja mko watatu mnaoulizana kimoyomoyo swali lilelile, kila mtu chumbani kwake.

Unaweza kumweleza mama yote kabla ya Idi. Ukichagua hivyo, jitayarishe kwa hasira ya mwaka mzima wa kimya, na jitayarishe pia kwa uwezekano kwamba hataamini. Watu hawaachi imani ya namna hiyo kwa mazungumzo ya jioni moja. Faida yake ni kwamba utaacha kuibeba peke yako. Mimi ningetamani kwanza uwe umeshakaa na mshauri mara moja mbili, ili siku hiyo usije ukakosa pumzi katikati ya maneno.

Unaweza kuanza na kipande. "Mama, mimi nilikuwepo. Nilimwona anavyopumua. Nimeona walivyoandika. Kile ni kifua, mama, si mtu." Mama akiuliza zaidi, unajibu alichouliza. Asipouliza, umekwishasema la kumkinga baba mdogo. Wengine wataita huku ni kuficha. Sijui kama ni kosa kumpa mjane habari kwa kiasi anachoweza kumeza, ila wewe unamjua mama yako kuliko mimi, na unajua kama kipande kitamtuliza au kitamfanya atafute kilichobaki.

Au unaweza kupitia kwa mtu. Baba alikuwa na dada? Shangazi wa upande wa baba mara nyingi ndiye anayeweza kuingia pande zote mbili bila kufukuzwa. Hatari yake unaijua: neno likishatoka kwako linatembea, na linaweza kumfikia mama likiwa limevaa nguo nyingine.

Baba mdogo mwenyewe je? Barua nzima hujasema kama umewahi kwenda kumwona. Ramadhani inakaribia, watu wanaombana radhi, mlango huo uko wazi bila kuhitaji sababu nyingine. Kwenda kumsalimia baba yako mdogo, kumwambia hujayaamini maneno yale, hakukulazimishi kufichua chochote. Mama akisikia anaweza kuona umemsaliti, hilo lipime. Lakini kumbuka nchi yetu hii wazee wameuawa kwa kunyooshewa kidole cha uchawi, na sheria ya uchawi tuliyoirithi tangu ukoloni inamhesabia kosa yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Mama ameyasema mbele ya majirani. Akienda mtu wa kumwambia taratibu kwamba maneno hayo yakome, hata kama moyoni hajabadilika, itakuwa ni kumlinda yeye pia.

Suala la walii si la kwangu, mimi si mwanachuoni. Mpelekeeni sheikh wa msikiti wenu au wa BAKWATA wa kata, na mumpelekee mapema, bwana harusi na watu wake wasije wakasikia mtaani. Masheikh wameshaona ndugu waliogombana wakakaa nao. Na kuna jambo ambalo sheikh anaweza kumwambia mama likapokelewa, likitoka kwako lisipokelewe: kwamba Mtume alisema anayekufa kwa tauni ni shahidi, na wanazuoni wengi waliwatajia hilo waliopoteza watu wao kwa ugonjwa huu. Kama mama anaogopa kwamba kifo cha korona ni kifo cha aibu, hapo atapata mahali pa kuegemea. Mdogo wako naye, mtu mzima anayeolewa, ana haki ya kusema neno juu ya nani amuozeshe. Ameulizwa?

Harusi yenyewe usiifanye mtihani. Watu mia tatu ndani ya ukumbi ni wengi hata kwa asiye na hofu, na kirusi bado kipo, aina yake ya Omicron imetuonyesha hivyo juzi tu mwishoni mwa mwaka 2021. Tahadhari yako ina msingi, kilichozidi ni kipimo chake. Kama hujachanja na unaweza kuchanja, fikiria, na mama pia kwa umri wake. Nikah kwa kawaida ina watu wachache, unaweza kuwa pale mwanzo hadi mwisho. Ukumbini vaa barakoa ya rangi ya sare yenu, wewe muuza vitenge hilo halikushindi. Chagua kiti karibu na mlango, mwambie mtu mmoja tu, labda mume wako, kwamba ukimgusa bega mnatoka nje kupunga upepo na hakuna maswali. Ukikaa saa moja ukaondoka, umehudhuria. Mdogo wako mweleze kabla, angalau kwamba unaumwa na hofu, asije akadhani umeikimbia siku yake. Kwa mtu uliyeniambia analia kila siku, pengine kusikia dada yake naye halali usiku kutampa mtu wa kuongea naye.

Jumatatu usifungue duka asubuhi. Nenda Temeke na mume wako, na hicho kifaa kichukue mkaonyeshe, mwambie daktari unakitumia mara ngapi kwa usiku mmoja. Barua hii ukiona aibu kuyasema kwa mdomo, mpe aisome. Halafu niandikie, kabla ya Idi ikiwezekana, unieleze na baba mdogo alivyokupokea kama utakuwa umekwenda.